Barua ya wakili iliyoandikwa "without prejudice": maana yake nini?

SWALI: Wakili, salamu. Mimi ni fundi wa ujenzi, Nakuru. Namdai mteja Sh480,000 za kazi niliyomaliza. Wakili wake ameniletea barua yenye maneno WITHOUT PREJUDICE juu kabisa, akisema mteja atalipa Sh300,000 yaishe. Chini ameongeza: "without prejudice to our client's right to claim for defective work." Ninavyojua, "prejudice" ni chuki au ubaguzi. Nimechanganyikiwa. Je, nami nikijibu niyaandike?

JIBU: Fundi, hapo hakuna aliyezungumzia chuki. Kwa Kiingereza cha mawakili, "prejudice" ni kudhuru haki ya mtu. Ila maneno hayo yametumika mara mbili kwa kazi mbili tofauti.

Yale ya juu yanalinda mazungumzo. Mtu akisema atatoa laki tatu, ni rahisi kumwambia: basi umekiri deni! Ndicho wanachokwepa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80) kinasema kwamba katika kesi za madai, jambo lililokiriwa kwa sharti kwamba lisitolewe ushahidi haliwezi kuthibitishwa kortini. Hata sharti lisipoandikwa, korti inaweza kuona kutokana na mazingira kwamba ndivyo mlivyoelewana. Kwa hiyo mkikosana, barua hiyo hutaiweka mbele ya hakimu. Lakini ukiikubali ofa, mmefungana kwa mkataba, na barua hizo hizo zinaweza kutolewa kuonyesha mlichokubaliana. Msimamo huo ni wa zamani. Uko katika kesi ya Uingereza ya Walker v Wilsher ya 1889.

Maneno yenyewe si hirizi, ingawa wapo wanaoyabandika hata kwenye barua ya kuomba risiti. Korti huangalia kama kuna mgogoro na kama barua inajaribu kweli kuumaliza.

Sasa yale ya chini. Yakifuatwa na "to", maana yake ni "bila kuathiri": ofa hii haimwondolei mteja haki ya kukudai kwa kazi yenye kasoro. Sheria za Tanzania zilizoandikwa kwa Kiswahili husema "bila ya kuathiri". Kwenye mikataba usiyachanganye na ndugu zake wawili, maana hapo ndipo watu huumia. Kifungu kikianza na "subject to clause 5", kinatii kifungu cha 5. Kikianza na "notwithstanding clause 5", kinakishinda. "Without prejudice to clause 5" huviacha vyote viwili vikisimama, hakuna kinachomgusa mwenzake.

Kuhusu jibu lako, inategemea unaandika nini. Ukipendekeza kiasi kingine, tuseme laki nne, yaandike. Ukituma notisi ya kudai Sh480,000 zote, usiyaandike kamwe, kwa sababu hiyo ndiyo barua utakayotaka hakimu aisome. Unaweza kutuma zote mbili, kila moja kivyake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ile sentensi ya chini. Ukichukua laki tatu nayo ikabaki, mteja anaweza kurudi mwezi ujao kukushtaki kwa nyufa za ukuta. Kabla hujatia sahihi, dai ifutwe, na makubaliano yaseme malipo ni "in full and final settlement of all claims by either party", yaani yanamaliza madai yote ya pande zote mbili.