Barua kwa mwanangu: huyo mdogo msimwache

Mwanangu,

Marahaba, huku Tanga hatujambo. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ile ya tatu nilikaa barazani na kalamu kabisa maana umeuliza mengi kwa pumzi moja, nikaona nikuandikie tu, kwenye simu mkubwa anakuita mdogo analia hatumalizi kitu mimi na wewe.

Nianze na maneno yako ili tuelewane. Umesema mnataka kutoka nje ya nchi na watoto kwa mara ya kwanza, Disemba hii, Dubai siku sita, wenzako wa ofisini walienda wakarudi na picha nzuri. Mkubwa ana miaka minne, mdogo mwaka na miezi minne. Baba watoto anaona mdogo mniletee mimi huku Tanga nikae nae, nyie mwende watatu mpumzike vizuri. Na ukaniuliza, mama we unaonaje, au tuahirishe mpaka wakue?

Msiahirishe. Tokeni. Ila mdogo msimwache, na kwa mwaka huu Dubai muiweke pembeni.

Kwanza huyo mdogo. Unajua mwenyewe mimi na mume wangu huyo tunavyopendana, ukiniletea hata mwezi mzima nitafurahi, chumba kipo, wa kumbeba wapo wengi. Kwaiyo sikatai kwa sababu ya uchovu. Kuna jambo sijawahi kukwambia na nimelikaa nalo miaka yote hii.

Mwaka 1993 wewe ulikuwa na mwaka na nusu. Baba yako Mungu amrehemu alipata likizo, tukapanga twende Mombasa wiki moja na kaka yako, na mimi nilikuwa nimechoka sana mwaka ule, nikasema huyu mdogo abaki na bibi yake Ngamiani, mwenyewe bado mdogo hata hatajua. Ulikuwa unanyonya bado. Mama akaniambia nenda, nitampa uji, atazoea. Basi tumefika Mombasa siku ya pili tu maziwa yananijaa kifua kimekuwa kama jiwe, nasimama bafuni nakamua yanakwenda na maji, nalia, baba yako anagonga mlango anauliza kuna nini nasema hakuna kitu. Fort Jesus tumeingia, mimi nimevaa kanga mbili kifuani na zote zimelowa. Kile ngome kaka yako anakikumbuka mpaka leo, mizinga na kuta zile, mimi nakumbuka kulowa.

Tumerudi. Nimeshuka na begi mlangoni, we umekaa kwenye mkeka unachezea kijiko. Nikakuita. Ukanitazama, mwanangu, ukanitazama vile mtu anavyomtazama mgeni, alafu ukainuka ukaenda nyuma ya bibi yako ukashika kanga yake ukajifunika uso. Siku mbili ulilala kwa bibi. Ya tatu ukaja mwenyewe ukakaa mapajani kwangu lakini ziwa hukulishika tena, hata nikikupa unageuza shingo. Miaka miwili nilikusudia kuitimiza, ikaishia pale. Hukuumwa, hukukonda, umekua vizuri na huna unalokumbuka, ndio maana sikukwambia. Lakini mimi nakumbuka, na wewe bado unanyonyesha, kwaiyo baba watoto akisema "hatajua" mwambie mama kasema mtoto anajua.

Sasa kama mdogo anakwenda, safari ipangeni kwa kumtazama yeye. Sio picha za wenzako. Dubai ni masaa matano na nusu hewani, na hapo bado viza za watu wanne, foleni, na kukaa uwanja wa ndege usiku. Kweli mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa na tiketi yake huwa ni kama asilimia 10 ya mtu mzima, lakini mpakataji ni wewe. Mwaka nilioenda Umra tulibadilisha ndege Dubai, saa nane usiku nikamuona mama mmoja kijana kalaza watoto wawili juu ya kanzu ya mumewe sakafuni, yeye kakaa anawapepea na boding pasi. Sikusema kitu ila nilimkumbuka juzi nilivyosikia voisi yako. Dubai haihami, mkubwa akifika miaka minane atatembea mwenyewe, atauliza maswali, atakumbuka.

Mimi nawashauri vukeni hapa tu mpaka wa Horohoro muingie Kenya, mkae Diani, pwani ya kusini ya Mombasa. Ni nje ya nchi, pasipoti itagongwa muhuri, mkubwa ataona polisi wa nguo nyingine na pesa nyingine, na Kiswahili anachosikia ni chake, na hilo kwa mtoto wa miaka minne ni kubwa, ataweza kuongea na mtoto mwenzie mchangani siku hiyohiyo. Viza hamlipi, sisi wa Afrika Mashariki hata ule usajili wa mtandaoni Kenya waliouanza Januari 2024 hautuhusu. Na njiani mna kituo cha kulala, ndio mimi.

Hapo kwenye njia ndio watu wanapokosea. Dar mpaka hapa ni kilomita kama 350, msiunganishe. Mje mlale kwangu usiku mbili, watoto wapumue. Siku ya tatu asubuhi mnaondoka, Tanga mpaka mpakani kama 65, mnamalizana na uhamiaji wa pande zote mbili hapohapo, mnashika barabara ya Msambweni mpaka Ukunda, jumla haizidi sana 140. Na uzuri wa Diani ukitokea kwetu iko kabla ya Likoni, yani hamvuki feri ya kuingia kisiwa cha Mombasa. Wengi wanakwenda kupanga kisiwani au Nyali alafu kila siku wako kwenye msongamano wa Likoni na mtoto mgongoni, jua hilo, watu hao, jioni wote wamenuna. Mkitaka kuvuka, vukeni siku moja tu, na siku hiyo nisingewapeleka kwenye maduka, ningewapeleka Haller Park kule Bamburi. Zamani lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, wakapanda miti kuanzia 1971 na sasa ni msitu, kuna twiga unawalisha kwa mkono wako, na makobe wakubwa mkubwa wako anaweza kusimama karibu yao. Mwambie kile kisa cha kiboko mtoto, Owen, aliyepotezana na mama yake mwisho wa Disemba 2004 siku za tsunami, wakamuokoa Malindi wakampeleka pale, akamng'ang'ania kobe mmoja mzee ambae jina lake hasa ni Mzee, wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Hicho kisa ni cha kweli na mtoto wa miaka minne atakiuliza usiku mia.

Siku nyingine zote kaeni. Nasema kaeni kabisa, hoteli moja au nyumba moja yenye jiko, msihamehame. Asubuhi baharini, saa tano mmesharudi, uji, kulala, saa kumi tena baharini, basi. Angalieni mwezi wa angani kabla ya kuchagua wiki, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kule maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi hivi yanakwenda mbali, yanabaki vidimbwi vya vuguvugu vyenye visamaki, mdogo atakaa humo kama yuko kwenye beseni. Wote viatu vya plastiki, miiba ya mle inachoma na kukatikia ndani. Safari ya boti ya Shimoni kwenda Kisite kuona pomboo nasikia unaitamani sana, iache mwaka huu, ni masaa mengi juani, na boti isiyokuwa na jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto usipande hata mtu akuape vipi.

Na kuna kitu kimoja kule nakitamani niwe nawe nikuoneshe. Juu ya barabara ya Diani wamefunga ngazi za kamba toka mti wa upande huu mpaka wa upande ule, ni za mbega, wavuke bila kukanyagwa na magari. Mara ya mwisho nilisimama chini nimeinua shingo mpaka ikauma. Akaja mbega mama, mweusi na yale manyoya meupe mabegani, na mtoto kifuani. Mtoto wa mbega anazaliwa mweupe pepepe, mwanangu, kama pamba, na vikono vimeshika ubavu wa mama. Mama akafika katikati gari likapita chini, akasimama, akamfunika kwa mkono mmoja, likipita akaendelea. Mpelekeni mkubwa akae pale hata saa zima. Ila msiwape chakula, wala tumbili wale wanaokuja mpaka mezani, wanakwaruza.

Kuhusu lini, Disemba hapana. Disemba Nairobi yote inateremka Pwani, bei zinapanda, na joto la kaskazi halimfai mdogo. Nendeni Juni shule zikifungwa, upepo wa kusi unapuliza, masika imebaki manyunyu, usiku mtoto analala. Itakupa na nafasi ya karatasi, na hapa nisikilize vizuri.

Kila mtoto pasipoti yake, msidanganywe kwamba ataandikwa kwenye ya mama. Vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili mnavyo vya RITA au lile tangazo la hospitali tu? Kama ni tangazo anza wiki hii. Alafu chukua cheti halisi safarini hata kama pasipoti ipo, kwa sababu jina lako wewe ni la baba yako na watoto wana jina la baba yao, karatasi zikiwekwa mezani wewe na mwanao hamfanani. Na kama baba watoto atatangulia au atachelewa kazini, akuandikie barua ya ridhaa, na nakala ya kitambulisho chake. Mimi nilivuka mwaka mmoja na mtoto wa dada yako bila barua, mimi bibi yake, nikasema nani atauliza. Wakauliza. Tulikaa benchi masaa matatu, basi likaondoka, mtoto kalala mapajani kwangu mpaka mama yake akapatikana kwenye simu, na yule afisa hakukosea hata kidogo, mtoto sio mzigo wa kuvusha tu. Kosa lilikuwa langu.

Chanjo ya homa ya manjano ndio watu wanasahau kwa sababu kwenda hawaikumbuki, wanaikumbuka wakirudi. Ukitokea Kenya kuingia kwetu kuanzia mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa kadi ya njano. Inachomwa mara moja tu maisha, inaanza kuhesabika baada ya siku 10, kwaiyo sio ya kukimbilia siku ya kuondoka. Pale Mnazi Mmoja Dar nenda nao na kadi zao za kliniki, mwambie nesi na chanjo nyingine alizopata mdogo karibuni.

Mizigo sitakuchosha. Chandarua cha mdogo, cha hoteli usikitegemee kina matundu, malaria ya kule na ya kwetu ni moja. ORS pakiti sita na zinki, kipima joto, paracetamol ya maji ya kila mmoja kwa uzito wake. Unga wa uji mliozoea, mtoto akibadilishiwa kila kitu kwa siku moja ndio tumbo linaharibika. Kanga mbili za mbeleko, kile kigari chenu acheni nyumbani, mchangani hakiendi. Mifuko ya nguo zilizolowa iwe ya kitambaa, ya plastiki Kenya walikataza tangu Agosti 2017. Na usibadilishe pesa kwa vijana wa pale mpakani wanaokukimbilia dirishani.

Mkiweza mkatize mfike Vanga, upande wa Kenya karibu na mpaka, mle hata chakula cha mchana kwa ndugu zetu. Bibi yenu dada yake aliolewa pale, na mpaka ulivyofungwa 1977 mpaka 1983 hawakuonana, miaka sita, mtu na dada yake na ni mwendo wa nusu siku. Wajukuu wa yule dada wapo, wanawaulizia kila Idi. Nikiwapigia watapika samaki wa nazi na mkubwa atapata wa kucheza nao.

Umeniuliza na mimi nije? Ukitaka nije nitakuja, nitakaa na watoto jioni mkatembee wawili pwani mkaongee, nadhani hicho ndicho baba watoto anachokitaka na ana haki yake. Masaa mawili kila jioni mdogo mtaniachia, akiamka usiku anakukuta.

Nitumie picha ya kadi ya kliniki ya mdogo leo nione imefika wapi. Chandarua kidogo kile cha kukunja nilichokuwa nacho nimeshakifua, kipo kwenye kabati.

Mama yako