Panga nyumba Ol Kalou kabla ya kununua

Ndugu, umeuliza kama ni busara kuuza kiwanja chako cha Nairobi ununue nyumba na ekari moja karibu na Ol Kalou, kaunti ya Nyandarua. Nakushauri upange nyumba ya kukodi kwanza, walau mpaka Julai ipite, kwa kuwa baridi ya huko, pamoja na sakitu, yaani umande ulioganda, inayounguza majani ya viazi, haionekani katika picha za dalali. Ukiridhika, kumbuka kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Na kwa kuwa mashamba mengi yalitokana na miradi ya makazi ya miaka ya 1960, ambapo serikali iliwapa watu ardhi kwa mkopo, hakikisha katika masjala ya ardhi kwamba hati haina deni la mradi. Njia ya kuingilia ikague mvua ikinyesha.