Muulize Mama Injinia: Ukingo wa lami unaruka kama ngazi

SWALI: Shikamoo Mama Injinia. Nipo Newala, mchora michoro katika ofisi ndogo ya usanifu, natumia Civil 3D, programu ya kusanifu barabara. Tuna kipande cha mlima ambapo upande wa kupanda tunaongeza njia ya maroli. Njia ya kawaida ni mita 3.25 na pale inaongezeka 3.25 nyingine, kuanzia cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara) 12+410, yaani kilomita 12 na mita 410, hadi ikamilike 12+470. Nimetengeneza asembli mbili, nyembamba na pana, nikagawa korido, yaani modeli ya barabara nzima, kwenye 12+410. Ukingo wa lami unaruka kama ngazi. Nikijaribu asembli moja ifuate mstari, upana haubadiliki kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la asembli mbili nimelifanya mimi mwenyewe, na langu halikuishia kwenye kompyuta, lilifika saiti. Mpima alipiga vigingi kama alivyopewa, viwili kwenye cheneji moja. Dereva wa greda akashuka, akakitazama cha kwanza, akakitazama cha pili kule pembeni, akaniuliza: "Mama, hapa barabara imekata kona, au kuna kigingi kimehama?" Sikuwa na la kumjibu.

Asembli ni sura ya barabara ukiikata kwa msumeno. Programu inaipanga sura hiyo cheneji baada ya cheneji, kisha inashona kingo. Ukiipa sura mbili mahali pamoja, itazishona kwa mstari unaokata barabara. Haijui kwamba ulitaka kwenda taratibu.

Kwa hiyo futa ile pana. Bakiza asembli moja ya mita 3.25, kisha tengeneza alaimenti ya kando, yaani mstari wa ukingo unaozaliwa na mstari wa kati, na uipe upanuzi: ianze 12+410, ikamilike 12+470. Halafu kwenye targeti za korido, yaani mistari ambayo korido huambiwa iifuate, iambie njia ya upande ule ichukue upana wake kwenye alaimenti hiyo.

Umesema ulijaribu, haikusikia. Nitabahatisha: kipande cha njia ulichoweka ndani ya asembli ni BasicLane. Hiyo haina targeti hata moja, utaielekeza mpaka jua lizame pale Shimo la Mungu, hapo kwenu Newala. Weka BasicLaneTransition, uichagulie kushika mteremko na kubadili upana. Kama ndiyo uliyonayo tayari, basi angalia hukuelekeza upande wa kushoto badala ya kulia. Na upana wa 3.25 uache humo ndani ya asembli, kwa sababu mahali ambapo mstari haupo, njia hurudi kwenye namba hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu kwenye skrini kila kitu kinapendeza. Tuseme sura zako zinakaa kila mita 25. Utakuwa na 12+400, 12+425, 12+450, 12+475. Hakuna hata moja inayogusa 12+410. Kwenye 12+425 njia imeshapanuka sentimita 81, na programu inashona moja kwa moja kutoka 12+400. Matokeo yake, pale 12+410 ambapo upanuzi ndiyo kwanza uanze, modeli yako inasoma 3.575. Sentimita 32 na nusu za lami ambayo hakuna aliyeiagiza! Washa sura kwenye mwanzo na mwisho wa targeti, na ndani ya upanuzi zipange kila mita 5. Kisha chukua kikokotoo: katikati, 12+440, lazima usome 4.875. Ikisoma vingine, usiite mpima.

Umeniuliza upana tu, lakini nakuongezea la maji ya mvua. Mteremko wa lami kwenda pembeni ukiwa asilimia 2.5, mita 3.25 za ziada zinashusha ukingo sentimita 8. Kwenye mpando si neno, maji yanakimbia yenyewe. Shida iko kule juu, njia ya maroli inapofungwa, yaani upana unaporudi 3.25, karibu na kilele: ukingo unapanda zile sentimita 8 mahali ambapo barabara yenyewe karibu iwe tambarare. Mvua za Desemba zitakuonyesha dimbwi. Na kufunga usikupe urefu sawa na kufungua. Roli lenye mzigo linatafuta nafasi ya kurudi kwenye foleni. Fuata mwongozo uliotajwa kwenye mkataba wenu, ila ukiniona nachora mimi, utaona cha kufungia ni kirefu zaidi.

SWALI: Mama, kwani siwezi kuchora polilaini (mstari wa kuchorwa tu) ya kawaida na kuielekeza hiyo? Msomaji, Lindi.

JIBU: Unaweza, korido inaikubali. Lakini siku mteja akisema mstari wa kati usogezwe mita mbili kukwepa mikorosho ya watu, polilaini yako itabaki palepale, na njia itajinyoosha kuifuata. Alaimenti ya kando inahama na mama yake.