Fua Huo Mkanda, Mama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka 13 anafanya karate jioni pale Nyamanoro, na nyumbani sasa hakukaliki. Yeye anasema karate ndiyo baba wa michezo yote ya mapigano. Kaka yake, mpenda kungfu, anasema yote yametoka hekalu la Shaolin. Halafu huyo wa karate amenikataza kufua mkanda wake, eti mkanda mweusi ulitokana na jasho la miaka mingi. Nani mkweli? – Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Uongo wa mkanda nami niliuamini ujanani, mpaka wangu ukanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Marehemu mama aliutumbukiza kwenye beseni la sabuni, sikumsemesha siku mbili. Ukweli ni kwamba mkanda mweusi ulianza kwenye judo. Kano Jigoro aliianzisha Tokyo mwaka 1882, na kabla muongo huo haujaisha waliofuzu wakawa wanavaa mweusi ili watambulike. Karate iliazima tu.

Kuhusu ule ubishi, kaka mtu yuko karibu zaidi, ila asijigambe. Shaolin ipo China, jimbo la Henan, ilijengwa mwaka 495, na watawa wake walishaingia vitani mwaka 621. Lakini sifa yao kubwa ya zamani ilikuwa fimbo, si ngumi. Na neno kungfu kwao ni ustadi unaopatikana kwa kazi ya muda mrefu. Hata mpishi anaweza kuwa nao.

Karate ni ya Okinawa, kisiwa cha Japani ambacho zamani kilikuwa cha ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na Fujian, kusini mwa China. Wenyeji walikuwa na mchezo wao, "te", yaani mkono, wakauchanganya na waliyojifunza Fujian. Ndiyo maana karate iliandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Mwaka 1936 wakuu wa mchezo walikutana Naha wakakubaliana iandikwe "mkono mtupu". Matamshi yaleyale, herufi moja tu ikabadilika. Japani na China zilikuwa zikitazamana kwa jicho baya wakati huo, nadhani unaelewa.

Sasa mtazame mwanao miguu. Akisimama na vidole vimegeukia ndani, magoti yamelegea kidogo, makalio yamebanwa, anapumua kwa kishindo, hilo ni zoezi la Sanchin, na huenda anafundishwa Goju-ryu, mtindo wa karate wa Miyagi Chojun, maana yake "ngumu na laini". Mimi Sanchin niliielewa siku niliyosimama kwenye mtumbwi kuvuta nyavu. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa ananipiga makofi ya mabega bure. Akichuchumaa chini sana kwa hatua ndefu, basi ni mtindo wa Shotokan, unaotokana na Funakoshi Gichin aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922.

Taekwondo ya Korea, jina la mwaka 1955, inapenda teke la juu. Judo haina ngumi wala teke mashindanoni. Kwanza unamyumbisha mtu, ndipo unamwangusha. Wapitishe wote wawili soko la samaki la Mwaloni alfajiri wamwangalie mpagazi: hanyanyui gunia lililosimama wima. Analiinamisha kwanza, anaingiza bega chini yake, linapanda lenyewe.