Kuhusu kituo cha kulelea watoto wakati wa msimu wa korosho

Dada yangu, umeuliza kwa nini malezi ya mchana yana gharama kubwa hapa Masasi na halmashauri ingesaidiaje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, jambo la haki kabisa kwa usalama wa watoto, ila gharama za jengo, choo na mlezi aliyefunzwa humwangukia mwanzilishi, naye huzifidia kwa ada anayolipa mzazi. Kwa upande wa halmashauri, yenyewe hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hiyo, asilimia 4 ya mapato hayo hukopeshwa vikundi vya wanawake. Hata hivyo mkopo lazima urejeshwe, kwa hiyo naamini ada haitashuka mpaka kijiji kitoe jengo bure. Msimu uliopita nilimwona mtoto mchanga amelazwa juu ya gunia chini ya mkorosho, dada yake wa miaka kama minane, ambaye saa ile alipaswa kuwa darasani, akimfukuzia nzi kwa ncha ya kitenge. Iliniuma sana. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii, awaeleze masharti ya usajili, kisha mpeleke ombi la jengo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya Oktoba.