Mtesaji yuko mtaani Ulaya: maswali na majibu

Nimemwona Ujerumani mtu aliyenitesa mahabusu huko kwetu. Nianzie wapi?

Usimkabili, wala usirushe picha yake mtandaoni. Akishtuka atahama, na wakili wake atadai mashahidi wengine wamemtambua kwa picha hiyo tu. Siku hiyohiyo andika uliyoyaona kwa macho yako. Uliyosimuliwa yaweke ukurasa mwingine. Picha za zamani ziache kwenye simu iliyozipiga, maana zikipitia WhatsApp hupoteza kumbukumbu ya tarehe na mahali. Kisha nenda kwenye kitengo cha uhalifu wa kivita cha polisi wa shirikisho (BKA). Mashtaka husimamiwa na Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Shirikisho, Karlsruhe. Usizunguke ukiyasimulia kwa kila shirika: matoleo yote yatalinganishwa, na tofauti ndogo tu itatumika kukuvunja kizimbani.

Lakini sisi wote wawili si Wajerumani!

Haidhuru. Anwar Raslan, kanali wa usalama wa Syria, alihukumiwa kifungo cha maisha Koblenz, Ujerumani, tarehe 13 Januari 2022 kwa uhalifu dhidi ya binadamu uliotendwa Damascus. Angalia tarehe ya tukio lako, kwani sheria ya Ujerumani ya makosa ya kimataifa ilianza 30 Juni 2002 na hairudi nyuma.

Mbona wengine huachiwa?

Mara nyingi ni tarehe. Mahakama ya Finland ilisafiri hadi Liberia kusikiliza mashahidi wa kesi ya Gibril Massaquoi, kamanda wa zamani wa waasi wa Sierra Leone. Mwaka 2022 ikamwachia, kwa kuwa ilibaki shaka kama kweli alikuwa Liberia wakati huo. Kwa hiyo funga kumbukumbu yako kwenye jambo linalothibitika, kama msimu wa mvua, mazishi au mji kutekwa. Usipokumbuka, sema hukumbuki. Kubahatisha kunaua kesi ya kweli.

Rais aliye madarakani je?

Mahakama ya nchi nyingine haimgusi; ana kinga ya cheo, kama aliyo nayo waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Ubelgiji ifute hati ya kumkamata Yerodia Ndombasi, iliyotolewa akiwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo. Akishatoka ni habari nyingine: Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alihukumiwa Dakar, Senegal, mwaka 2016.

Na mshukiwa akikimbilia Nairobi?

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kimataifa ya 2008, kifungu cha 8, inatosheka na mshukiwa kuwepo nchini baada ya kutenda kosa, hata akiwa mgeni. Malalamiko yaandike kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.