Mdogo wangu unayetaka kutafiti wahamiaji, tunza daftari lako

"Shikamoo dokta. Niko mwaka wa tatu, sosholojia. Nataka kubobea kwenye uhamiaji kama wewe. Nianzie wapi?"

Marahaba. Ujumbe wako umeingia wiki ileile niliyopata barua kwamba makala yangu imekubaliwa na jarida, ina jina moja tu, nalo ni langu. Siku hiyo nimeingoja miaka. Ndiyo maana nakujibu hapa, wewe na wenzako mnaoniandikia kila muhula.

Mimi ni Muha wa Kasulu, Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Basi likisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, mimi na mama tulikuwa tunaambiwa tushuke tuongee kidogo, wasikie lafudhi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo neno moja tu lilitosha kuulizwa babu yako alizaliwa wapi. Uchungu huo ndio ulionipeleka kwenye sosholojia. Anzia panapokuuma, usione aibu.

Mwaka 2012 nilikwenda Katumba, Mpanda, kwa utafiti wa uzamili. Barua ya chuo, ya mkoa, ya wilaya, kibali cha wizara: miezi minne. Hayo utayapitia mwenyewe. Katumba waliishi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Mwaka 2010 serikali ilikuwa imekubali kuwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kisha vyeti vikakwama mpaka Oktoba 2014. Niliwakuta katikati hapo, wameshaukana uraia wa Burundi na wa Tanzania haujawafika mkononi.

Nilikuwa na dodoso la kurasa 11. Mzee mmoja alinivumilia mpaka swali la tatu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo mlikuwa na kadi ya mgao, risiti za tumbaku, kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa 1974. "Andika hizi, mjukuu wangu," akasema. "Maswali yako yatasubiri." Tulizisoma moja moja kwa siku tatu. Dodoso lilirudi chuoni nusu tupu na msimamizi wangu alikasirika sana, lakini sura nzuri kuliko zote kwenye tasnifu yangu imetoka kwenye mfuko ule.

Mei 2015 Warundi walimiminika tena, safari hii Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma, na kipindupindu nacho kimewaingia. Wengi waliishia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mradi mmoja kutoka Ulaya ukaniajiri kama msaidizi wa utafiti, kwa posho ya siku. Nilifanya mahojiano 68.

Swali la 14 liliuliza kama mtu ana mpango wa kurudi nyumbani. Mama mmoja alikuwa anachambua maharage ya mgao kwenye ungo. Mkono ukasimama. Akaniuliza kwa Kirundi: "Gutaha au gutahuka?" Gutaha ni kurudi kwako, kama mtu anavyorudi jioni akitoka shambani. Gutahuka ni kurudishwa kwenu ukiwa mkimbizi: unaorodheshwa, unapakiwa kwenye gari. La kwanza alilitamani kila siku, la pili lilikuwa linamnyima usingizi, na dodoso letu lilikuwa limeyafanya yote mawili kuwa neno moja. Niliandika pembeni ya daftari, nikapiga mstari, nikawarudia wote niliokwisha kuwahoji.

Mwaka 2017 makala ya mradi ikatoka. Maneno yale mawili ndiyo yalikuwa uti wa mgongo wake. Niliichapisha steshenari, nikaisoma nimesimama palepale kaunta, natafuta jina langu. Mwishoni nikakuta shukrani kwa "wasaidizi wetu wa kambini". Nilipowaandikia walinijibu kwamba nilishalipwa. Ni kweli nililipwa posho. Mpaka leo inaniuma.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kabla hujapokea posho, uliza nani ataandika na majina yatapangwaje. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Daftari la mradi liwe la mradi, na lako liwe lako: kila jioni weka tarehe, mahali, ulichosikia na ulivyokielewa. Wahojiwa tunawaficha majina kwa usalama wao. Lako wewe linafichwa kwa faida ya nani?

Na jifunzeni lugha. Takwimu mtafundishwa darasani, lakini tofauti ya gutaha na gutahuka hakuna mhadhiri atakayekuandikia ubaoni. Vijana mnawahi makongamano, kijijini mnakaa siku mbili. Mtu aliyehama ameshahojiwa na maofisa wengi. Ukimjia na karatasi na haraka, atakupa majibu yaleyale aliyowapa wao, na atakuwa na haki. Kaa naye. Chambua naye maharage. Halafu andika, na andika kwa jina lako.

Wewe uliyeniuliza, hujaniambia unaongea Kirundi au la. Kama huongei, anza na hilo mwezi huu, kibali kitafuata.

Mwaka 2019 nilirudi Nyarugusu kumtafuta yule mama, nimwambie kwamba nataka kuandika juu ya swali lake, nimwombe ridhaa upya. Nyumba yake ilikuwa na watu wengine. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliniangalia kidogo, akaniambia neno moja.

"Yaratahutse."

La gutahuka, si la gutaha. Makala yangu inaanza na neno hilo.